Msiba Humalizwa na Nani?

Matanga yana mwisho, na ni busara yawe nao. Mfiwa wa Lizaboni au Bombambili, mjini Songea, anaujua utaratibu: turubai linafungwa uani, viti na masufuria ya kukodi vinashushwa, wanawake wanatandika mikeka ndani na wanaume wanakaa nje kuzunguka moto. Mezani linawekwa daftari, na kila anayetoa rambirambi anaandikwa jina na kiasi chake, hata kama ni shilingi 1,000. Baada ya maziko, siku ambayo ukoo umeafikiana, mzee mmoja anasimama, anasoma mapato na matumizi, anawashukuru majirani, na matanga yanaanuliwa. Watu wana mahindi ya kupalilia, watoto wana shule, na hakuna mtaa unaoweza kukaa mkekani siku zote. Uhalali wa mwisho huo siubishi. Ninachouliza ni kitu gani hasa kinakwisha siku hiyo, na nani ana mamlaka ya kutangaza kwamba kimekwisha. Kwa maoni yangu, unaokwisha ni wajibu wa wageni wa kukaa. Msiba wenyewe ni wa mfiwa, na mfariji hawezi kuumaliza kwa kauli yake. Aliyesababisha kifo ndiye kabisa asiye na sauti katika jambo hilo. Tukiyachanganya haya, faraja inageuka kuwa njia ya kumfunga mtu mdomo.

Songea panafaa kulipimia jambo hili, kwa sababu mji wenyewe umebeba jina la mtu ambaye mazishi yake hayajakamilika. Nduna Songea Mbano alikuwa mmoja wa viongozi wa Wangoni waliopigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi mwezi Julai 1905 na kufika Ungoni wiki chache baadaye. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo Songea viongozi na wapiganaji wengi kwa siku moja, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Idadi inayotajwa inazidi 60, nao walizikwa pamoja katika kaburi moja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi lake peke yake, lakini ukoo wake unasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mahali yalipo makaburi hayo, mtaa wa Mahenge, leo pana Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji, na kila Februari watu hukusanyika kwa sala za dini zote, ngoma, mikuki na ngao, na hotuba zisizopungua. Wale waliowalilia marehemu hawa kwa machozi ya macho wamekwisha kufa nao zamani. Bado wajukuu wanalidai fuvu. Mgeni ana haki ya kushangaa: huu ni msiba gani usiokwisha baada ya miaka zaidi ya 100?

Jibu, naona, limo katika maziko yetu ya kila siku. Kabla watu hawajatawanyika makaburini, msemaji wa familia hutoa tangazo ambalo kila mtu mzima nchini amelisikia: aliyekuwa akimdai marehemu awaone ndugu, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Tangazo hilo hutolewa kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa tajiri na kwa maskini, mara nyingi kwa haraka, katikati ya kutambulisha ndugu waliotoka mbali na kueleza chakula kitaliwa wapi. Kwa sababu ya mazoea hatusikii uzito wake. Linasema kwamba mtu akifa haki zake hazifi naye; warithi wanasimama mahali pake, wa kulipa na wa kupokea. Basi mtu aliyenyongwa na dola ya kigeni, akafukiwa bila ndugu zake kumwosha wala kumfunika, kisha akapungukiwa kichwa, huyo anadai. Anadai azikwe kama mtu. Mdaiwa hakujitokeza, na dai likapita kwa watoto, kisha kwa wajukuu, kama linavyopita dai lolote lisilolipwa. Tukiutazama hivyo, ukoo wa Mbano haufanyi jambo la ajabu. Unafanya kile ambacho kila familia hufanya pembeni ya kaburi, isipokuwa wao wamesimama pale muda mrefu zaidi.

Pingamizi la kwanza linatoka kwenye dini, na ni zito kwa sababu wengi wetu tunalisema wenyewe tukienda kutoa pole. Kazi ya Mungu haina makosa, tunasema. Tulimpenda, Mungu kampenda zaidi. Jikaze, usikufuru. Nyuma ya maneno haya kuna fundisho la kweli: kwamba uhai ni amana, na mwenye amana ana haki ya kuichukua. Mwislamu ataongeza kwamba kuomboleza kuna mipaka, siku tatu kwa ndugu, na eda ya miezi minne na siku kumi kwa mjane, na kwamba kupiga mayowe na kujirarua ni haramu. Sina ugomvi na mipaka hiyo. Lakini inaweka kiasi kwa mavazi, mapambo na kelele. Haimwambii mtu moyo wake unyamaze siku ya nne. Mtume Muhammad mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, na wafuasi walipostaajabu aliyaita machozi yale huruma. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro, ilhali, kwa mujibu wa Injili, alijua atamfufua baada ya dakika chache. Ikiwa aliyejua mwisho mwema wa habari alilia, mwanamke wa Matarawe asiyejua atalishaje watoto wanne ana kosa gani?

Katika vitabu vyetu vyote viwili sijaona kisa kinachofundisha subira kuliko cha Nabii Yakub, na kinafundisha kinyume cha tunavyokitumia. Wanawe walimletea kanzu ya Yusuf iliyopakwa damu ya uongo wakidai ameliwa na mbwa mwitu. Yakub akashika subira njema, na neno hilo ndilo tunalolinukuu misibani. Tunasahau yaliyobaki. Hakuukubali ushahidi wa damu ile. Aliwaambia wazi kwamba wametunga jambo. Miaka ikapita, macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakachoka naye, wakamwambia hataacha kumtaja Yusuf mpaka amalizike. Akajibu kwamba huzuni yake anamshtakia Mungu, kisha akawatuma wakatafute habari za Yusuf na ndugu yake. Hapo subira, machozi, mashtaka na upelelezi vimekaa katika kifua kimoja, na Qurani haimlaumu. Tena tuangalie ni nani walioona msiba umezidi muda wake: ni walewale waliomtupa Yusuf kisimani. Mwenye hatia siku zote ana haraka ya kuanua matanga.

Biblia nayo inashuhudia upande huohuo. Marafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kutamka neno, na hadi hapo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa kumfafanulia hekima ya Mungu ndipo walipoharibu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, akisema hawakunena sawasawa kama Ayubu, ambaye kwa sura nyingi alikuwa akilalamika. Kisa cha Rispa hakihubiriwi sana, ingawa kingefaa kusomwa Songea kila Februari. Wanawe wawili walitundikwa pamoja na wengine watano kwa makubaliano ya wakubwa, na miili ikaachwa. Mama huyo akatandika gunia mwambani, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Hakutoa hotuba yoyote. Habari zikamfikia Mfalme Daudi, naye akakusanya mifupa ya waliotundikwa, pamoja na ile ya Sauli na Yonathani iliyokuwa ugenini, ikazikwa. Masimulizi yanasema ni baada ya hapo ndipo Mungu alipoisikia nchi iliyokuwa katika njaa. Kukaa macho kwa Rispa ndiko kulikofungua njia ya maziko, na hakuna mahali anapoambiwa ajikaze.

Pingamizi la pili ni la watu wa mjini na lina kejeli kidogo: kijana aliyezaliwa mwaka 2000 hawezi kumlilia mtu aliyekufa mwaka 1906. Yanayofanyika Mahenge, wanasema, ni siasa na utalii vilivyovaa ngozi ya chui. Kuna ukweli humo. Maadhimisho yana wageni rasmi, yana itifaki, na hotuba nyingine zingeweza kusomwa kwenye uzinduzi wa zahanati bila kubadili aya. Hata hivyo hoja yenyewe inachanganya uchungu na wajibu. Uchungu wa kumkosa mtu uliyekula naye haurithiki, nakubali. Anayedai anao baada ya vizazi vinne ananitia shaka. Wajibu unarithika, na matendo ya msiba kwa sehemu kubwa ni ya wajibu tangu hapo. Jirani anayechimba kaburi la mzee asiyempenda anashiriki msiba kikamilifu bila tone la chozi. Mwanafalsafa na kasisi wa Kenya, John Mbiti, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika marehemu anaendelea kuwa mtu maalumu maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Sijui kama jambo hilo ni kweli kuhusu hali ya wafu. Kuhusu walio hai ni kweli, kwa kuwa wanaomkumbuka mtu kwa jina hubaki na kazi za kumfanyia.

Tarehe 1 Novemba 2023 mdaiwa alijitokeza. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na akaahidi msaada wa kulitafuta fuvu huku akikiri kwamba huenda lisipatikane. Siku hizohizo Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Kenya, akizungumza juu ya masikitiko makubwa kwa ukatili wa enzi ya ukoloni bila kuomba msamaha. Wapo waliosema tofauti ya kauli hizo mbili ni ya maneno tu. Mimi naona ni tofauti ileile iliyopo kati ya mtu anayekuja msibani kusema pole na mtu anayejitokeza makaburini kusema: nadaiwa. Mpita njia yeyote anaweza kusema pole. Kauli ya pili ni mmoja tu anayeweza kuitoa, na kabla hajaitoa hakuna mwingine wa kuitoa kwa niaba yake. Ila kukiri deni hakujawa kulilipa. Ipo tabia ya kudhani kwamba msamaha ukishaombwa, aliyeombwa amewekewa muda wa kukunjua uso. Ukoo wa Mbano una hiari ya kusamehe leo, kusamehe baada ya fuvu kurudi, au kutosamehe. Hiari hiyo hawezi kuitumia rais wa nchi yoyote, wa kwetu akiwemo.

Je, fuvu lisipopatikana? Historia ya Mkwawa inatoa mwanga, ingawa haukosi kivuli. Mtwa Mkwawa wa Uhehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja fuvu hilo kwa jina na kuitaka Ujerumani ilirudishe, lakini ilichukua miaka mingine 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelileta Kalenga mwaka 1954, baada ya kulichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Kisayansi huo ni ushahidi dhaifu, na Twining alikuwa na hesabu zake za kisiasa. Siku hizi kuna vipimo vya vinasaba. Taasisi ya Urithi wa Kiprusi ya Berlin, ambayo imechunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mengi yakiwa ya Rwanda, ilitangaza Septemba 2023 kwamba baadhi yameonekana kuwa na ndugu walio hai Kilimanjaro. Kwa hiyo upelelezi unawezekana, na kusema mapema kwamba haiwezekani ni uvivu. Lakini ikifika siku wataalamu wakaja na fuvu lenye mashaka, au wakaja mikono mitupu, anayestahili kuamua kama hilo linatosha ni ukoo. Wahehe walilipokea la Mkwawa, na mgeni hana haki ya kuwacheka kwa hilo.

Pingamizi la tatu ni la kitabibu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi: kuacha msiba wazi kunaua. Wapo wafiwa wasiokula, wasiolala, wanaotamani kumfuata marehemu. Shirika la Afya Duniani limeiweka huzuni ya kufiwa iliyorefuka kupita kiasi katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, kwa kipimo kisichopungua miezi sita. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali, Peramiho au ya mkoa, kama anavyopelekwa mwenye homa. Ila orodha hiyohiyo inasema huzuni ihesabiwe ugonjwa pale tu inapozidi desturi za jamii na dini ya mhusika. Wataalamu wenyewe hawakudai kujua siku sahihi ya kuacha. Na ile ngazi maarufu ya hatua tano za huzuni, inayofundishwa kana kwamba kila mfiwa lazima aipande hadi juu, Elisabeth Kübler-Ross aliitoa mwaka 1969 katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Haikuanzia kwa wafiwa. Tangu miaka ya 1990 watafiti wengi wamekuwa wakieleza kwamba wafiwa wazima wa akili huendeleza uhusiano na marehemu wao kwa namna mbalimbali, na wazo la kwamba afya ni kukata kamba limepoteza nguvu. Bibi yeyote wa Ungoni anayeheshimu mahoka, yaani mizimu ya wahenga, angewaeleza hilo bila kuomba ruzuku ya utafiti.

Yapo pia yanayoweza kusemwa dhidi ya upande wangu, na afadhali niyaseme mwenyewe. Hesabu ikifunguliwa, ifunguliwe yote. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss pamoja na watawa wenzake wanne karibu na Liwale, na mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Wafu hao nao wana wanaowakumbuka. Halafu kuna wafu wasio na wa kuwadai kabisa. Wajerumani walipochoma vihenge na mashamba, njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi na kamba: serikali yao ilikisia vifo 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Mkomanile, mwanamke anayetajwa miongoni mwa viongozi wa vita, jina lake tunalo. Mama aliyekufa porini akichimba mizizi hatuna lake. Maadhimisho yetu yanapenda mashujaa, na jiwe lina nafasi ya majina ya walionyongwa. Kama msiba ni dai la aliyekufa, basi hao wa njaa wanatudai sisi kabla ya kuidai Berlin, kwa sababu kuwanyima nafasi kwenye hotuba ni uamuzi wetu.

Nimekaa sana kwenye historia kwa sababu humo mambo yanaonekana kwa ukubwa, lakini kanuni ni ileile chini ya turubai la mtaani. Aliyefiwa na mwanawe kwa ajali ya bodaboda ana haki ya kujua ilivyotokea, na kumwambia siku yake ilikuwa imefika kabla hajaambiwa dereva alikuwa nani ni kumdhulumu kwa lugha ya ibada. Waliofiwa na ndugu ambao miili yao haikuonekana meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996, wamekosa hata udongo wa kutupia. Mjane naye, wiki mbili baada ya sufuria la mwisho kurudishwa, hana shida ya mahubiri. Anatakiwa kupata cheti cha kifo kwa wakala wa usajili, RITA, kuitisha kikao cha ukoo na kuhakikisha muhtasari wake umeandikwa na kusainiwa, kisha kufungua mirathi mahakama ya mwanzo, huku shemeji akiuliza hati ya kiwanja iko wapi. Hapo ndipo mkeka huwa mtupu. Waliojaza kurasa sita za daftari wamekwenda zao, kwa haki kabisa, na hakuna desturi inayowarudisha. Ningeweza, ningeianzisha kwa watu wawili tu: mmoja wa kwenda naye mahakamani akakae naye benchini mpaka jina lake liitwe, na mmoja wa kubaki na watoto.